Dawa ya Deni ni Kulipa: Askari, Sumu, na Watoto Wao

Somo letu la leo ni la historia. Kama ilivyo desturi yetu, mwenye kusoma vizuri na awasomee wenzake polepole, asimame kila mwisho wa sehemu ili watu waulizane. Mwishoni mtakuta maswali ya kuzungumza katika kikundi. Yapo majina machache ya kigeni, yasiwatishe. Jambo lenyewe ni la nyumbani.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali moja. Katika darasa la jioni la watu wazima, kijiji kimoja cha Kilolo, mama mmoja alinyosha mkono wakati tunafunga vitabu. Mume wake hulima nyanya, na kila wiki hubeba bomba la dawa mgongoni akapulizia shamba. Mtoto wao wa tatu alizaliwa na uvimbe mgongoni, ugonjwa uitwao mgongo wazi. Majirani walisema mengi. Huyu alisema laana, yule alisema mama amevunja mwiko. Mama akaniuliza: "Mwalimu, nimesikia kwamba Marekani serikali huwalipa watoto wa askari waliozaliwa hivi, kwa kuwa baba zao waliguswa na sumu vitani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, wale walifanyaje hata wakalipwa?"

Swali la kwanza nilimjibu papo hapo: Ndiyo, mama, ni kweli. Swali la pili sikuweza kulijibu kwa dakika mbili. Basi leo nalijibu, kwa ajili yake na kwa ajili yako pia.

1. Nchi ina deni gani kwa askari?

Tuanze karibu. Ukifika mjini Iringa utaona makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita ile ilipita katika milima yetu. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyopanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Tukuyu na Njombe, yaliingia Iringa. Mwezi wa Oktoba 1918 Jenerali Von Lettow wa Wajerumani alipita tena Njombe, akielekea kusini-magharibi, hata akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala, katika nchi ya Zambia.

Majeshi hayo hayakuwa na magari ya kutosha, wala wanyama wa mizigo hawakudumu kwa sababu ya mbung'o. Chakula, risasi na mahema vilibebwa vichwani mwa watu. Hesabu za serikali ya Kiingereza zenyewe zilionyesha kwamba wapagazi wao waliokufa walikuwa karibu 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Wataalamu wengi wa historia wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa jiulize: makaburi ya watu hao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kosa. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Twaona basi jambo la kwanza la somo letu: mtu ambaye jina lake halikuandikwa ni vigumu kumdaia haki yake, na mtoto wake ni vigumu zaidi.

Yapo mambo yaliyokwenda kinyume cha hayo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Von Lettow, wale waliokuwa wangali hai, mshahara waliokuwa wakiwawia tangu vita. Husimuliwa kwamba wazee karibu 350 walikusanyika Mwanza mbele ya mlipaji. Wachache walileta vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa. Wasiokuwa na kitu, mlipaji alimpa kila mmoja ufagio kama bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Na husemwa kwamba hakuna hata mzee mmoja aliyekosea.

Hadithi hii yapendeza, lakini itazame vizuri. Mzee yule hakuwa na karatasi, ila mwili wake ulikumbuka, na mlipaji aliweza kuusoma mwili huo. Je, mtoto wake angeshika ufagio gani? Ikiwa vita imemwingia mtoto kabla hajazaliwa, ataonyesha nini ili aaminiwe? Hapo ndipo penye ugumu wa jambo letu.

2. Dawa iliyojaribiwa kwetu

Mbung'o, au ndorobo kama wengine wamwitavyo, twamjua sana katika nchi hii. Huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Chunya na mbuga nyingi za magharibi zilikuwa makao yake. Mbung'o hupenda kivuli cha miti na vichaka, kwa hiyo zamani njia moja ya kumfukuza ilikuwa kufyeka pori kwa shoka na panga, kazi ngumu ya watu wengi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wataalamu wa Uingereza na Marekani waligundua dawa zinazoua mimea yenye majani mapana. Mbili katika hizo zilipewa majina ya tarakimu: 2,4-D na 2,4,5-T. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walitaka kujua dawa hizo zafanyaje kazi katika nchi za joto. Mojawapo ya mahali pa kuzijaribu palikuwa Kikore, upande wa Kondoa, katika Tanganyika yetu. Na mwaka 1952 na 1953 walisimamia kazi ya kumwaga 2,4,5-T kutoka angani huko Kenya, ili waone kama pori la mbung'o litapukutika. Katika miaka hiyo hiyo walizitumia dawa za namna hii vitani huko Malaya, kuondoa vichaka kando ya barabara na kuharibu mashamba ya adui.

Mwezi wa Novemba 1961 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Dean Rusk, alimkumbusha Rais Kennedy kwamba Waingereza wamekwisha tumia njia hiyo Malaya. Kennedy akakubali. Kuanzia Januari 1962 mpaka mwaka 1971 ndege za Marekani zilimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnam lita zaidi ya milioni 70 za dawa za kuua mimea. Iliyomwagwa kuliko zote ilikuwa mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T, nusu kwa nusu. Mapipa yake yalipigwa mstari wa rangi ya chungwa, na kwa sababu hiyo ikaitwa Agent Orange.

Ndani ya 2,4,5-T mlikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Dawa ile ilipopikwa kiwandani, ilizaa takataka iitwayo dioksini. Ni kidogo sana, lakini ni sumu kali katika sumu zote zilizotengenezwa na binadamu, na hukaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili. Askari aliyelala msituni, aliyekunywa maji ya kijito, au aliyebeba mapipa, hakuambiwa habari hiyo.

Mwaka 1969 zilitangazwa habari za majaribio yaliyofanywa kwa panya: panya jike waliopewa 2,4,5-T walizaa watoto wenye vilema. Mwezi wa Aprili 1970 serikali ya Marekani ilisimamisha matumizi ya Agent Orange vitani. Baadaye 2,4,5-T iliondolewa hata mashambani katika nchi nyingi. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, ambao Tanzania nayo imeuridhia, umeitaja miongoni mwa dawa zisizoruhusiwa kuingizwa katika nchi nyingine bila ya nchi hiyo kuarifiwa kwanza na kukubali.

3. Karani aliyeweka hesabu

Askari wa Marekani walirudi kwao. Wengine wakaugua saratani na magonjwa ya ngozi. Wengine wakapata watoto wenye kasoro. Walipokwenda kwenye Idara ya Askari wa Zamani kudai, waliambiwa hakuna ushahidi kwamba ugonjwa huo umetokana na kazi ya jeshi.

Katika ofisi ya idara hiyo mjini Chicago alikuwako mfanyakazi mmoja, mwanamke Mmarekani mweusi, jina lake Maude DeVictor. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia askari na wajane kujaza madai yao. Mwaka 1977 mke wa askari mmoja alimpigia simu, akasema mumewe ana saratani, na mwenyewe aamini kwamba chanzo ni dawa iliyomwagwa Vietnam. Maude DeVictor hakuwa daktari wala mwanasheria. Alichofanya ni kuanza kuwauliza askari wengine waliofika mezani pake, na kuandika: ulikuwa wapi, mwaka gani, uliona nini, unaugua nini, watoto wako je? Orodha ikawa ndefu. Mwaka 1978 kituo cha televisheni cha mji ule kikayatangaza mambo hayo, na nchi nzima ikasikia.

Hapo askari walikwenda mahakamani. Hawakuishtaki serikali peke yake bali hasa viwanda vilivyotengeneza dawa. Tarehe 7 Mei 1984, saa chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, viwanda saba vilikubali kutoa dola milioni 180, pasipo kukiri kosa. Fedha hizo, zikigawanywa kwa watu maelfu na maelfu, zilikuwa kidogo kwa kila mmoja. Tena hazikuwa sheria. Zikiisha, zimekwisha.

Basi askari waliendelea kuwasumbua wabunge wao. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria mpya yenye mambo mawili makubwa. La kwanza, wataalamu wasiokuwa chini ya jeshi watazame ushahidi wote wa dunia kila baada ya miaka miwili na kutoa taarifa. La pili, kwa magonjwa yaliyokubaliwa, sheria itachukua kwamba kila askari aliyetia mguu Vietnam aliguswa na dawa ile. Hatakiwi kuthibitisha ni siku gani wala ni pipa gani.

Simama hapa kidogo, kwa maana hili ndilo jibu la hadithi ya ufagio. Sumu haimfundishi mtu gwaride. Haiachi alama ambayo kila mlipaji aweza kuisoma. Kwa hiyo, kama sheria ingemtaka kila mtu athibitishe peke yake, hakuna ambaye angeweza. Sheria iliamua kwamba palipo na shaka, uzito wa shaka hiyo usibebwe na mgonjwa, bali na serikali iliyompeleka.

4. Sheria ya watoto

Mwaka 1996 wataalamu hao walitoa taarifa kwamba kuna ushahidi, ingawa si mwingi, unaounganisha dawa za Vietnam na mgongo wazi kwa watoto wa askari. Katika mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, Rais Clinton akaitia sahihi, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1997. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ile kumlipa mtoto kwa kasoro aliyozaliwa nayo kutokana na utumishi wa mzazi wake jeshini.

Sheria hiyo ilitoa mambo matatu: matibabu, mafunzo ya kazi, na posho ya kila mwezi. Posho iliwekwa katika ngazi tatu kwa kadiri ya ulemavu: dola 200, dola 700 na dola 1,200, na viwango hivyo vimekuwa vikipandishwa tangu hapo. Mtoto anaweza kuwa na umri wowote, ameoa au hajaoa. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ni mtoto wa damu wa askari yule, na kwamba mimba yake iliingia baada ya mzazi kufika Vietnam.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Dawa ilianza kumwagwa mwaka 1962. Sheria ikaja mwaka 1996. Ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1968 alikuwa mtu mzima wa miaka 29 alipopokea shilingi yake ya kwanza, kama alikuwa hai. Mama yake alikwisha mbeba, alikwisha mwuguza, alikwisha uza alichokuwa nacho.

Baadaye sheria iliongezwa. Mwaka 2000 Bunge liliwaingiza watoto wa wanawake waliotumika Vietnam, kwa kasoro nyingi zaidi kuliko mgongo wazi. Mwaka 2003 waliingizwa watoto wa askari waliokuwa mpakani mwa Korea, na mwaka 2019 wale wa askari waliokuwa katika kambi za Thailand. Kila mara mlango ulifunguliwa kidogo, baada ya watu kubisha sana.

Hapa yanipasa kukuambia jambo ambalo si kila msimulizi hulisema. Mwaka 2016 wataalamu wale wale walitangaza kwamba, wakitazama utafiti wote uliokwisha fanywa, ushahidi wa kuunganisha dawa ile na mgongo wazi kwa watoto hautoshi kukata shauri. Hawakusema kwamba haiwezekani, walisema haujatosha. Hata hivyo watoto hawakunyang'anywa posho, na sheria ingali ikifanya kazi. Tusidhani kwa hiyo kwamba malipo ni sawasawa na hukumu ya sayansi. Malipo yalikuwa uamuzi wa nchi kuhusu nani abebe mzigo wakati sayansi bado inatafuta.

Na watu wa Vietnam wenyewe je, walionyeshewa mvua ile miaka 9? Sheria ya Marekani haiwagusi. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Vietnam kimekadiria kwamba watu hadi milioni 3 wamedhurika. Walifungua kesi mjini New York mwaka 2004, na tarehe 10 Machi 2005 jaji aliitupilia mbali. Serikali yao, pamoja na umaskini wa nchi baada ya vita, ilianza mwaka 2000 kuwapa posho wapiganaji wake walioguswa na dawa, na watoto wao waliozaliwa na vilema. Marekani ilitoa fedha za kusafisha udongo wenye dioksini katika uwanja wa ndege wa Da Nang, kazi iliyomalizika mwaka 2018. Udongo ulioshwa kabla watoto hawajalipwa. Na Kikore yetu? Sheria yenyewe yataja Vietnam, Korea na Thailand. Kikore haimo.

5. Turudi Kilolo

Sasa nimjibu mama yangu wa Kilolo, na wewe usikie.

Kwanza, mama, hukulaaniwa, wala hukuvunja mwiko. Mgongo wa mtoto hujifunga tumboni katika siku 28 za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Usipojifunga vizuri, ndio mgongo wazi. Sababu zake ni nyingi, na moja kubwa yajulikana: upungufu wa asidi ya foliki, kirutubisho kilichomo katika mboga za majani mabichi, maharage na maini. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha zaa mtoto wa namna hii, wakimeza asidi ya foliki kabla ya mimba nyingine, hatari ya kurudia hupungua kwa karibu robo tatu. Kwa hiyo mwone daktari au mkunga kabla ya kubeba mimba ya nne, wala si baada yake. Na wewe uliye kijana, usingoje kliniki ya mimba. Vidonge hivyo hufaa zaidi vikianza mapema.

Pili, mtoto mwenye mgongo wazi si mtoto wa kufichwa ndani. Afikishwe hospitali ya rufaa katika siku mbili tatu za kwanza, kwa maana upasuaji wa mapema humwepusha na uambukizo. Wengine kichwa hujaa maji, nao hutibiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, yampa haki ya matibabu na ya shule kama mtoto mwingine. Mwalimu akimkataa, njoo kwa Afisa Elimu wa wilaya. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Tatu, habari ya bomba la dawa. Siwezi kusimama hapa nikasema dawa ya nyanya ndiyo iliyomwumiza mtoto huyu. Wataalamu wa nchi kubwa wamelitazama jambo la namna hiyo miaka mingi wasikate shauri, sembuse mimi. Lakini wale askari hawakungoja kukatwa shauri ndipo waanze kujilinda na kuandika. Mumeo avae mikono mirefu, viatu vya mpira na kitambaa au barakoa. Asipulizie akiikabili upepo. Nguo za dawa zifuliwe mbali na nguo za nyumba. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia mimba, asichanganye dawa wala asifue nguo hizo. Na chupa iliyokwisha isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia.

Hali kadhalika ndugu zetu wa Chunya wanaookoa dhahabu kwa zebaki. Huko Minamata, katika Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa wake ukatambuliwa mwaka 1956, na baadaye ikajulikana kwamba mama aweza kuonekana mzima kabisa, kumbe zebaki imepita kwake ikamdhuru mtoto tumboni. Mji huo ndio uliotoa jina la Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliingia mwaka 2020. Usichomee zebaki jikoni, wala karibu na mama na mtoto.

Nne, na hili ndilo jibu la swali lako lenyewe: wale walifanyaje hata wakalipwa? Walikuwa na karatasi. Jeshi liliandika ni nani alikwenda wapi na lini. Ndege ziliandika zilimwaga nini na mahali gani. Karani mmoja wa Chicago akaandika magonjwa. Kisha walidai pamoja, si mmoja mmoja. Hata hivyo iliwachukua miaka 34.

Sisi tunazo sheria zetu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfanyakazi wa shamba la chai la Mufindi au la Rungwe, akiugua ugonjwa uliotokana na kazi yake, anayo haki ya kudai, na mwajiri wake anapaswa kuuchangia mfuko huo. Lakini haki hiyo huanza katika mwili wa mfanyakazi mwenyewe. Na mkulima wa nyanya anayejitegemea hana mwajiri wa kumchangia. Huo ni upungufu, na upungufu wa sheria huondolewa na wananchi wanaoujua na kuusema kwa wawakilishi wao.

Basi nunua daftari la kurasa chache. Andika jina la dawa kama lilivyo kwenye kibandiko, tarehe uliyopulizia, shamba gani, na nani alikuwako. Tunza risiti ya duka. Tunza kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mahali pamoja, pakavu. Ukiona watoto wawili watatu wa kijiji kimoja wana kasoro moja, mwambie mganga wa kituo cha afya, nawe ushike tarehe uliyomwambia. Pengine daftari lako halitaleta shilingi moja. Pengine litamsaidia daktari kujua ukweli, nao utakuwa ukweli mwingine kabisa na ule tuliodhania. Yote mawili ni faida.

Wapagazi waliopita Njombe na Iringa wakiwa na mizigo vichwani hawakuwa na mtu wa kuwaandikia majina. Leo wewe unajua kusoma na kuandika. Ulikuja darasani jioni, umechoka, ukajifunza. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini deni lisiloandikwa hukanwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini wapagazi wengi wa vita ya 1914 mpaka 1918 hawakukumbukwa kwa majina? Je, katika ukoo wenu mnamjua mtu aliyekwenda vitani au aliyechukuliwa upagazi? Andikeni jina lake.

2. Wazee wa Mwanza walijulikana kwa gwaride la ufagio. Kwa nini mtoto aliyedhurika tumboni hawezi kujulikana kwa njia ya namna hiyo?

3. Wataalamu wa Marekani walibadili maoni yao mwaka 2016, lakini posho haikuondolewa. Je, mwaona ni haki? Kila mmoja atoe sababu yake.

4. Katika kijiji chenu dawa gani hutumika mashambani? Nani huibeba, nani hufua nguo, na chupa hutupwa wapi? Chagueni mtu mmoja wa kuyaandika haya, na siku ya somo lijalo alete daftari.

5. Mtoto mwenye mgongo wazi akizaliwa leo kwa jirani yako, utamwambia mama yake maneno gani ya kwanza?